Ubao wa Pili

Busia, Jumatatu 7 Machi 1955

Mashua imefika. Badiru ameileta kutoka Tororo juu ya lori lake, imefungwa kamba kila upande kama ng'ombe anayepelekwa mnadani, na watoto wa mtaa mzima wakikimbia nyuma. Ni ndogo kuliko nilivyoikumbuka. Futi kumi na nne, mbao zake nyembamba, mlingoti umelazwa kando na tanga limekunjwa ndani ya gunia. Mzungu wa karakana ya reli niliyemfanyia kazi miaka sita amerudi kwao, na alipouliza ninataka nini cha kumkumbuka, nilimwomba mashua. Alicheka mpaka akakohoa. Akanipa na kitabu chake cha kuunda mashua, na daftari hili.

Sikuiomba kwa starehe. Binti yangu Amongin ameolewa kisiwani Sigulu, kwa mvuvi anayeitwa Egesa. Mara mbili ameshikwa na uchungu kule, mara mbili wamempakia kwenye mtumbwi kumleta bara, na mara mbili upepo wa asubuhi unaotoka nchi kavu umewapiga usoni mpaka viganja vya wapiga kasia vikachubuka. Watoto wote wawili walitoka wamekufa. Benedeta, mkunga wa zahanati ya Majanji, aliniambia bila kuzunguka kwamba nyonga za Amongin ni nyembamba, lazima afike hospitali ya misheni mapema, na wa tatu akicheleweshwa vile ataondoka na mama yake.

Sasa ana mimba ya tatu. Benedeta anahesabu mwisho wa Mei. Mashua hii inaweza kupanda upepo, kusonga mbele hata ukiwa usoni, mitumbwi yao haiwezi.

Jumanne 8 Machi

Ubao wa kati haupo. Mashua ya namna hii ina tundu refu katikati, kama sanduku lisilo na kifuniko wala kitako, na humo hupitishwa ubao mpana unaoshuka majini kiasi cha kiuno cha mtu. Bila ubao huo upepo huisukuma mashua kando, haiwezi kupanda popote. Leo nimeufuata Tororo: Mzungu aliuegemeza nyuma ya stoo yake, mchwa wakaula wote, wakaacha ganda la udongo lenye umbo la ubao. Nililigusa kwa kidole likamwagika.

Nitatengeneza mwingine. Nimetengeneza madhabahu na majeneza na milango ya mahakama, ubao mmoja hautanishinda.

Jumamosi 12 Machi

Tumeipeleka mashua Majanji, kwa lori la Badiru anayekwenda kuchukua samaki wakavu kila Jumanne na Jumamosi. Egesa alikuja kuipokea. Alisimama mbali, akainama, akanisalimu akiangalia mchanga, kama inavyotakiwa. Mkwe hakai goti kwa goti na mkwe wake, hagusani naye wala hapingani naye. Kwetu sisi Wateso na kwao Wasamia hilo ni moja. Kijana mrefu, mpole mno. Sijawahi kusikia neno lake likizidi matano. Mke wangu Akwi anasema ana adabu. Mimi nasema anafanana na mtu anayengoja kuambiwa apumue.

Akwi alitaka tumchukue Amongin sasa hivi tukae naye Busia mpaka ajifungue. Nimeliuliza hilo kwa mjumbe mara tatu. Mama yake Egesa anajibu vilevile: mtoto wa nyumba yao lazima uchungu wake uanzie chini ya paa la baba yake, baada ya hapo mpelekeni mnakotaka. Ng'ombe wao wa mahari nimeshawala. Siwezi kumwamrisha mwanamke yule katika boma lake.

Kwa hiyo kila kitu kitategemea safari moja, siku nisiyoijua, upepo ukiwa usoni.

Jumatatu 14 Machi

Nimekisoma kitabu. Kuna ukurasa wenye picha tatu zinazoonyesha ubao uliokatwa kati, kama unavyoona muhogo uliokatwa. Wa kwanza ni bapa, pembe zake zimefutwa tu. Wa pili umenenepa katikati na kuchongoka pande zote mbili, mbele na nyuma, kama ncha ya mkuki. Wa tatu una uso wa mviringo mbele, unanenepa karibu na uso huo, halafu unapungua taratibu mpaka nyuma unakuwa mwembamba kama kisu. Ni mwili wa samaki.

Kitabu kinasema wa tatu ndio bora kwa kupanda upepo. Hakisemi kwa nini. Nimeuangalia mshale unaoonyesha mashua inakoelekea na nadhani mchapaji aliugeuza. Tangu lini mtu akaingiza shoka kwenye gogo kwa upande wa kisogo?

Jumanne 15 Machi

Mvua. Mvule niliokuwa nao umelowa.

Jumanne 22 Machi

Ubao wa kwanza, ule bapa, ni kazi ya siku mbili. Nimeuwekea kipande cha chuma chini ili uzame. Egesa aliushusha kwenye sanduku lake, akapandisha tanga, akaenda. Mimi nilibaki ufukweni. Katika mashua ile watu wawili wakikaa magoti yao yanagusana, hakuna mahali pengine pa kuyaweka. Na zaidi ya hayo sijui kuogelea.

Aliporudi nilimuuliza.

"Iko mzuri, baba."

"Inapanda upepo?"

"Napanda, baba."

Nilifurahi. Lakini ubao bapa mtu yeyote mwenye msumeno anaweza kuutoa. Amongin hastahili ubao wa mtu yeyote.

Jumatatu 28 Machi

Nimeanza wa pili. Nimeupata mvule wenye nyuzi zilizonyooka kabisa, kutoka mti ulioangushwa Bulumbi zamani, mkavu. Badiru, ambaye karakana yangu iko nyuma ya duka lake, anakuja kila baada ya swala kunikagua.

"Fundi, wewe unapiga randa kama unamnyoa bwana harusi."

"Na wewe unaendesha lori kama unamfukuza."

Rehemah mkewe alicheka kutoka jikoni.

Ijumaa 1 Aprili

Randa. Msasa. Mgongo unauma.

Jumatano 6 Aprili

Umekwisha. Nimeupaka mafuta mara nne. Ukiupitisha kidole mbele unaona damu inakaribia kutoka, na nyuma vilevile. Sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko hii, na nasema hivyo nikiwa na akili zangu timamu. Nimelala mchana mzima.

Jumamosi 9 Aprili

Kesho ni Pasaka. Egesa ameujaribu wa pili. Kulikuwa na upepo wa kutosha na mashua ilikwenda imelala upande, povu likiruka. Kutoka ufukweni ilipendeza sana. Watu walioanika dagaa waliacha kazi wakatazama. Alikaa huko kwa muda wa karibu saa mbili, alipotua alikuwa amelowa mpaka kwenye nyusi.

"Je?"

Aliangalia vidole vyake. "Iko mzuri sana, baba. Nakata maji."

"Kuliko wa kwanza?"

"Kuliko."

Nilianza kumpenda kijana huyu leo. Haya zake nilikuwa nazichukulia kama upumbavu. Mtu anayetambua kazi nzuri si mpumbavu.

Alhamisi 14 Aprili

Mvua kubwa tangu Jumatatu. Mfereji nyuma ya duka unakwenda kwa kasi, nikapata wazo. Nilichonga vipande vitatu vidogo, kila kimoja umbo lake, nikavishika majini kimoja kimoja. Cha pili nikikishika sawasawa na mkondo kinapita bila hata povu, mkono hauhisi kitu. Nikikipinda kidogo tu, maji yanakiachia upande mmoja na kufanya kizunguzungu nyuma yake. Cha tatu kikipindwa maji yanaendelea kukilamba pande zote, na mkono unasukumwa kwa nguvu kwenda ubavuni, nguvu iliyonishangaza.

Lakini nani anaendesha mashua kwa kuipinda? Inaelekea mbele, na ubao unaelekea mbele.

Hata hivyo nitautengeneza wa tatu pia, ili nisije nikajilaumu. Nitatumia mabaki.

Jumamosi 16 Aprili

Nimeupeleka wa tatu Majanji. Una kifundo upande mmoja na nimeupiga msasa mara moja tu. Nilimwambia Egesa, "Huu ni wa kitabu. Ujaribu ukipata nafasi, lakini ule wa pili utunze." Akasema ndiyo.

Jumanne 26 Aprili

Lori la Badiru limezama kwenye matope ya Sikuda siku mbili. Watu wa shamba walilivuta kwa ng'ombe. Nyumbani mahindi yana manjano kwa maji mengi.

Jumapili 1 Mei

Akwi ameota anafua nguo za mtoto na maji hayatakati. Nilimwambia ndoto za mvua ni za kawaida. Nami sikulala.

Jumamosi 7 Mei

Leo nimekata shauri.

Barabara imekauka kidogo, tukafika Majanji mimi na Akwi. Egesa alikuja na mashua kumleta Amongin amwone mama yake. Tumbo lake ni kubwa kuliko mara zile mbili na miguu imevimba, lakini uso wake una nuru. Alikaa na Akwi juu ya mkeka, wakichambua maharage na kucheka mambo yao.

Nilimwita Egesa. Mbao zote tatu zilikuwa zimeegemezwa kwenye ukuta wa banda la samaki. Ule wa pili ulikuwa unang'aa, niliupangusa kwa kitambaa kwanza.

"Umezijaribu zote?"

"Zote, baba."

"Upi utakaomleta mke wako siku hiyo? Sema kwa moyo wako."

Alimwangalia Amongin, akaangalia mkono wangu uliokuwa juu ya ubao wa pili.

"Ule wa pili, baba."

"Si wa kitabu?"

"Ule wa pili iko mzuri kupita."

Basi. Nilijua. Nimeishi na mbao miaka thelathini, kitabu kimeishi na mbao siku ngapi?

Nilipokuwa nafunga hizo mbili nyingine nizirudishe Busia, Amongin alinijia, akipumua kwa shida.

"Papa, Egesa usimuulize. Hawezi kukuambia. Panda boti wewe mwenyewe, ama uniulize mimi. Mimi nakaa ndani yake kila mara."

"Nipande na mkwe wangu? Unataka watu wanicheke?"

"Basi niulize mimi."

"Wewe angalia tumbo lako," nilimwambia. "Mambo ya mbao niachie."

Alinisaidia kushika kamba nikafunga fundo.

Jumatatu 9 Mei

Nimepasua ule wa kwanza na wa tatu. Badiru alihitaji rafu za dukani na mvule hauokotwi. Ule wa kifundo umetoa rafu mbili nzuri, Rehemah amepanga sabuni juu yake.

Jumamosi 14 Mei

Mvua.

Jumanne 17 Mei

Nimehamia Majanji. Nalala ndani ya banda la samaki, nimeshazoea harufu, au nayo imenizoea. Tumekubaliana hivi: uchungu ukianza watawasha matete mabichi juu ya kilima cha kisiwa, nitauona moshi. Badiru ameegesha lori hapa na anakula samaki wangu, akisema kwamba biashara yake inakufa na kwamba akinidai fidia nisishangae. Hatadai. Ameweka godoro nyuma na turubai juu yake.

Alhamisi 19 Mei

Hakuna moshi.

Ijumaa 20 Mei

Hakuna moshi. Upepo wa asubuhi kutoka nyuma yetu, mkali.

Jumapili 22 Mei

Hakuna. Benedeta alipita baada ya kanisa. Aliniuliza nina hakika na hiyo mashua. Nikasema nina hakika kama nilivyo na hakika na mkono wangu.

Jumatano 25 Mei

Hakuna. Mvua ya radi jioni. Badiru ananifundisha bao, nimeshindwa mara kumi na moja.

Alhamisi 26 Mei

Naandika hili Ijumaa, jana sikuweza.

Moshi tuliuona jua lilipokuwa linatoka. Mweupe, ulipanda kidogo kisha ukalala kuelekea ziwani, kwa sababu upepo ulikuwa unatoka kwetu kwenda kwao. Badiru alikwenda kuwasha lori. Nilituma mtu kwa Benedeta akaja na mkoba wake na shuka nyeupe begani. Nilikuwa na furaha, naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Upepo ule ulikuwa mgongoni mwangu, baridi na imara, nikasema huu ndio upepo tuliouombea mashua.

Saa moja na nusu tuliliona tanga, dogo kama ukucha. Lilikwenda upande wa mashariki, limelala vizuri, nikamshika Benedeta mkono nikamwonyesha. Kisha likageuka kuja magharibi. Ndivyo mashua inavyopanda upepo, inakwenda pembe kwa pembe, kila pembe ikikaribia zaidi. Lilipogeuka lilitikisika, likalegea, likakaa kama limesahau lilikuwa linakwenda wapi. Lilipojaa tena mashua haikwenda mbele. Ilikwenda kando. Niliona kwa macho yangu ikitelezea ubavuni, kama mtu anayepanda mteremko wa matope. Ilipokuja kushika mwendo, ilikuwa imerudi ilipotoka.

Nilijiambia ni mara moja tu. Nikachomeka vijiti viwili mchangani, nikavilinganisha na ncha ya kisiwa, kama ninavyopima ukuta. Mashariki, magharibi. Mashariki, magharibi. Kila pembe alichokipata alikipoteza kwenye kugeuka. Saa tatu tanga lilikuwa pale pale juu ya vijiti vyangu.

"Mbona hawaji?" Benedeta aliuliza.

"Wanakuja."

"Ekaju, wanakwenda huku na huku."

Nilikuwa najua. Nilikiona kile kipande kidogo mferejini, kilivyopindwa na maji yakakiachia. Mashua inayopanda upepo haiendi moja kwa moja hata siku moja, upepo unaisukuma ubavu wakati wote, na ubao wakati wote umepindwa kidogo dhidi ya maji. Hiyo ndiyo kazi yake yenyewe. Nilikuwa nimeishika kazi hiyo mkononi mwangu mwezi wa nne nikaicheka.

Nikaomba mtumbwi. Wavuvi waliangalia mawimbi wakaangalia chini. Badiru ndiye aliyeingia wa kwanza, naye hajui kuogelea, kama mimi, akawaambia, "Haya, mnataka mimi mtu wa lori niwaonyeshe ziwa?" Watano wakaja. Nami niliingia. Tulikwenda na upepo, haraka, tukawafikia kabla ya saa tano.

Amongin alikuwa amelala chini juu ya mbao, kichwa chake kimeegemea sanduku la ubao. Mama yake Egesa amemshika magoti. Maji mekundu yalikuwa yanakwenda na kurudi chini yao kila wimbi likija. Egesa alikuwa kwenye usukani na midomo yake imekuwa ya kijivu.

Nilimpigia kelele, "Ni ubao?"

Alinitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu aoe kwangu.

"Hapana, baba. Ubao iko mzuri. Ni upepo tu."

Tukafunga kamba, tukashusha tanga, tukavuta. Watu sita makasia, na mashua nyuma yetu nzito kama jiwe. Upepo haukupungua mpaka saa saba. Nilikuwa nimeketi mkiani mwa mtumbwi, nimegeukia nyuma, Amongin yuko mbele ya macho yangu, hatua nne za maji kati yetu. Alifumbua macho akasema, "Papa, umekuja." Nikasema nimekuja. Baadaye alimwita mama yake, nikamwambia mama yako yuko njiani. Hakuwa njiani, alikuwa Busia, hajui lolote.

Tulipoanza kuona shuka ya Benedeta ufukweni, mama yake Egesa alianza kulia. Hakuna aliyeacha kupiga kasia. Tulipiga mpaka mchangani, Benedeta akaingia majini na nguo zake, akainama, akakaa hivyo kitambo, kisha akaifunua ile shuka akamfunika yeye na tumbo lake.

Lori lilikuwa linanguruma tangu asubuhi. Badiru alikwenda akalizima.

Jumapili 29 Mei

Tumemzika kisiwani, kwa mume wake. Nilivuka kwa mtumbwi. Akwi hakusema neno na mimi, kwenda wala kurudi. Alimwambia Rehemah, nami nikisikia, kwamba mtoto wake alikufa kiu huku amezungukwa na maji. Kwa nini kiu sijui. Sikumuuliza.

Alhamisi 2 Juni

Upepo tu. Alisema ni upepo tu. Nimejaribu kuliamini neno hilo kama mtu anavyojaribu kula akiwa na homa.

Jumatatu 6 Juni

Kazi hakuna. Yaani ipo, milango miwili na meza. Sikugusa.

Jumamosi 11 Juni

Egesa amekuja Busia kwa lori la Badiru, ameubeba ule ubao wa pili begani.

Hakusimama mbali. Hakuinama. Aliingia karakana, akauweka ubao juu ya meza yangu, akavuta kigoda akaketi mbele yangu, magoti yake yakagusa yangu. Nilishtuka nikataka kusogea, nyuma kulikuwa na ukuta.

"Mzee," alisema. Siku zote ameniita baba. "Nimekuja kusema ile mambo ya boti. Ulikuwa naniuliza, mimi nakuambia iko mzuri. Haikuwa mzuri."

Nilimwambia aendelee.

"Hii ya pili nakwenda mzuri kama upepo iko nyuma. Ukigeuza usoni, boti naacha maji. Nateleza. Nilijua siku ile ya kwanza, ile ya Pasaka. Nililowa kwa sababu nilikuwa napigana nayo."

"Ulijua."

"Nilijua. Amongin pia alijua. Aliniambia, mwambie papa. Nikamwambia, siwezi."

"Nilikuuliza mara ngapi?"

"Mara nyingi."

"Na katika maji yale, damu inatembea miguuni mwako, nikakuuliza."

"Uliniuliza."

"Kwa nini hukusema?"

Alifikiri. Hakuwa na hasira, nilitamani awe nayo.

"Ningesema namna gani, mzee? Ulikuwa baba ya bibi yangu. Uliishika kama mtoto, umepaka mafuta. Mtu anasema namna gani kwa mkwe yake, kazi yako ni mbaya? Mama yangu angenifukuza. Wewe mwenyewe ungesema, huyu hana heshima, nirudishie binti yangu. Sasa Amongin hayuko. Wewe si mkwe yangu tena, wewe ni mzee tu. Ndiyo leo naweza kusema."

Nilikuwa na patasi mkononi. Nilikuwa nimeishika tangu aingie, na nilitaka kumpiga nayo, hilo naliandika pia. Niliiweka chini. Nilijua kwamba kijana huyu alinipa hasa kile nilichokuwa namwomba kila nilipofungua mdomo.

Nikamwambia aanze mwanzo. Aniambie kila ubao, siku kwa siku, asiache kitu. Alisema kwa muda mrefu. Hajawahi kusema maneno mengi hivyo, na anasema vizuri, anajua maji kama mimi ninavyojua nyuzi za mvule. Ule bapa ulikuwa mzito kugeuka lakini ulishika, angeweza kufika nao, angechelewa kidogo. Ule wa pili alishaniambia.

"Na wa tatu?" nikauliza.

Aliangalia chini, si kwa adabu sasa.

"Ile ya tatu tulikwenda nayo Majanji mara tatu. Siku za Jumanne, Amongin nakwenda kupimwa. Asubuhi, upepo usoni, kama ile siku. Tunatoka jua nakuja juu. Tunafika, Benedeta bado hajafungua mlango. Mara zote tatu, tunangoja yeye. Amongin nakaa pale kwenye ngazi ya zahanati, anamenya chungwa, ananiambia, Egesa, tumewahi sana."